Kuchimba soul na fanki Dar es Salaam: kutoka biti ya hip hop hadi santuri safi

Ukiizoea hip hop, kuna siku sikio linaacha kumfuata rapa na kuanza kufuata kilicho chini yake: gitaa linalojirudia, tarumbeta mbili za kukatwa, ngoma iliyobaki peke yake kwa sekunde tano. Mara nyingi vitu hivyo, vinavyoitwa sampo, vilitolewa kwenye santuri ya soul au fanki ya kati ya mwaka 1967 na 1976, na nakala ya santuri kama hiyo inaweza kuwa imelala leo ndani ya kabati Upanga, Ilala au Magomeni. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani alitangaza marufuku ya muziki wa soul Dar es Salaam. Muziki usio na wapenzi haupigwi marufuku. Sahani zilikuwepo, na nyingine bado zipo.

Adui wa santuri katika mji huu ni unyevu, chumvi ya bahari, vumbi na sindano iliyochoka. Ndiyo maana mpangilio wa kazi hauna mjadala: kagua, osha, ndipo upige. Anayeanza kwa kupiga anausaga uchafu ndani ya mifereji myembamba inayobeba sauti, na ukishasagwa hivyo hakuna sabuni itakayorudisha sauti.

Hatua ya 1: Fuata sampo kurudi nyuma

Tafuta biti tupu ya wimbo, isiyo na sauti ya rapa. Isikilize kwa hedifoni na uandike daftarini mambo matatu: ni chombo gani kinachojirudia, kinachukua mapigo mangapi kabla ya kurudi mwanzo, na kuna mkwaruzo wa santuri nyuma yake au hakuna. Mkwaruzo unaojirudia pamoja na chombo ni ushahidi kwamba sauti imetoka kwenye sahani, haikupigwa upya studio.

Kisha soma karatasi. Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia sampo bila kibali, na tangu hapo kampuni za Marekani zimekuwa makini kuandika chanzo cha sampo. Kwa hiyo CD au kaseti ya Kimarekani ya baada ya hapo mara nyingi ina maandishi madogo yanayotaja wimbo wa asili, mtunzi na kampuni. Kaseti za kurudufiwa zilizouzwa hapa hazikuwa na karatasi hiyo, hivyo tafuta picha ya jalada la asili mtandaoni.

Sikio linaweza kukudanganya kwa sababu ya kasi. Mashine ya kunasa sampo ya SP-1200, iliyotoka mwaka 1987 na kutumiwa sana New York, ilibeba sekunde 10 tu za sauti. Watayarishaji walibana nafasi kwa kupiga sahani ya 33 (mizunguko 33⅓ kwa dakika) kwa kasi ya 45, wakaichukua ikiwa inakimbia, halafu wakaishusha ndani ya mashine. Hiyo ni sehemu ya asili ya ule ukungu mzito wa sauti tunaoupenda kwenye biti za wakati huo. Kwa mchimbaji maana yake ni moja: usikatae chanzo kwa sababu ufunguo wa muziki (key) haulingani. Kutoka 33⅓ hadi 45 kasi inapanda mara 1.35, yaani wimbo wa mapigo 90 kwa dakika unafika 121, na sauti inapanda zaidi kidogo ya nusu-toni tano. Jaribu kasi zote mbili kabla ya kuamua.

Ukishapata wimbo mmoja, acha wimbo na umfuate mpigaji. Al Jackson Jr. alipiga ngoma katika kundi la Booker T. & the M.G.'s pale kampuni ya Stax, na ngoma zake zimo pia kwenye rekodi za Al Green za kampuni ya Hi, zote za Memphis. Clyde Stubblefield ndiye aliyepiga ngoma za “Funky Drummer” ya James Brown, zilizorekodiwa mwaka 1969 na kutumika katika nyimbo nyingi mno za hip hop. Ukilijua jina la mpiga ngoma, mpiga besi na mtayarishaji, unaweza kulichukua jalada usilowahi kuliona na ukawa na sababu ya kulinunua. Majina hayo huandikwa nyuma ya jalada kwa herufi ndogo. Soma hapo kwanza, kabla ya picha ya mbele.

Usiishie Marekani. Slim Ali na Hodi Boys wa Mombasa waliimba soul. Matata wa Nairobi walipiga fanki. Sunburst walikuwa bendi ya Dar es Salaam, na albamu yao ya mwaka 1976 ilitolewa tena mwaka 2016 kwa wasikilizaji wa dunia nzima. Afro 70 ya Patrick Balisidya nayo ina magitaa ambayo mtayarishaji yeyote wa hip hop angeyatamani. Jua pia kwamba santuri nyingi za bendi za Tanzania za wakati huo zilitengenezewa Nairobi, na rekodi nyingi za Radio Tanzania zilibaki kwenye utepe tu. Wimbo unaoukumbuka kutoka redioni huenda haukuwahi kuwa sahani kabisa. Hakikisha kwanza, usije ukatafuta miaka mitano kitu ambacho hakipo.

Hatua ya 2: Wapi pa kuuliza, na jinsi ya kuuliza

Kariakoo utapata vifaa kuliko sahani. Sahani hutokea pale nyumba inapohamwa au kugawanywa: kwa wauza samani za mitumba, kwa wanunuzi wa vitu chakavu Gerezani, kwa mafundi redio wa zamani walioachiwa gramafoni zisizorudiwa na wenyewe, kwa waliokuwa wapiga disko miaka ya 1980, na kwa familia za watumishi wastaafu. Fundi redio ni rafiki wa thamani kuliko dalali, kwa sababu anajua nani mtaani alikuwa na mashine.

Ukifika nyumbani kwa mtu, taja kitu kwa jina analolijua. Sema “santuri” au “sahani za gramafoni”. Salamu itangulie, bei ije mwisho: “Shikamoo mzee. Nimeambiwa zamani ulikuwa na gramafoni. Santuri zake bado zipo?” Muulize alikuwa anapenda bendi gani na umsikilize hadi mwisho. Hapo ndipo utakapoambiwa kuna boksi la pili chini ya kitanda.

Ushauri wetu ni kutochomoa sahani tatu nzuri na kumwachia mwenyewe takataka. Toa bei ya boksi zima, au umwambie utamrekodia nyimbo zake zote kwenye flashi. Wazee wengi hawana tena mashine ya kuzipigia, na kusikia wimbo wa ujana wao tena kunawagusa kuliko fedha. Ikiwa familia ina watoto wakubwa, hakikisha nao wanajua kinachouzwa, maana sahani za marehemu ni mali ya mirathi.

Beba tochi, kitambaa laini kikavu, na vipande viwili vya ubao mwembamba au boksi gumu vya sentimita 32 kwa 32. Sahani ya inchi 12 ikibebwa kwenye bodaboda bila kuegemezwa inapinda. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kula chakula cha mchana. Plastiki yake inalegea kwa joto na hainyooki tena sawasawa.

Hatua ya 3: Ukaguzi wa dakika mbili

Hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea, kwa hiyo usikubali kuharakishwa na muuzaji.

Anza na tundu la katikati. Tazama lebo kuzunguka tundu: kila mtu aliyekuwa akitafuta ncha ya mashine bila kuangalia aliacha mstari mwembamba wa kung'aa. Mistari miwili au mitatu ina maana sahani imepigwa kidogo. Lebo iliyochakaa kama meza ya bao ina maana imepigwa kila wikiendi kwa miaka. Sahani ndogo zilizotoka kwenye mashine za kuchagua nyimbo baa zina tundu kubwa la milimita 38 na kwa kawaida zimechoka sana. Zitahitaji pia kipande cha kati cha plastiki ili zikae kwenye mashine ya kawaida.

Toa sahani kwa kushika kingo na lebo tu. Ielekeze kwenye mwanga wa jua kwa pembeni, siyo kutoka juu, kisha izungushe polepole. Unatafuta vitu vitatu tofauti, na watu huvichanganya.

Alama za juujuu zinazofanana na utando wa nywele zimetokana na mfuko wa karatasi. Zinaonekana vibaya, lakini nyingi hazisikiki. Mkwaruzo halisi unaupima kwa kupitisha ukucha taratibu juu yake, bila kukandamiza. Ukucha ukipita bila kukwama, utasikia tiki hafifu. Ukikwama, huenda sindano ikaruka au ikarudia palepale. Kwa sahani ya 33 mkwaruzo mmoja wa kukata mifereji unatoa takriban tiki 33 kwa dakika, na kwenye wimbo wa taratibu wa soul utausikia wote.

Cha tatu ndicho kibaya zaidi: mifereji iliyogeuka kijivu. Sahani nzuri ni nyeusi yenye kung'aa. Kijivu cha jumla, hasa kwenye sehemu za sauti kubwa, ni kazi ya sindano nzito iliyochimba kuta za mfereji. Haiponi. Kwenye santuri za disko tazama pia mwanzo wa kila wimbo, mahali DJ alipokuwa akirudisha mbele na nyuma. Ukiona mkanda mweupe mfupi pale, utasikia mvuvumo kama wa mafuta yanayokaanga kabla ya wimbo kuingia.

Rangi ya mifereji inaweza pia kukusaidia kabla hujasikia lolote. Sauti kubwa na nzito huchora mifereji mipana inayorudisha mwanga kwa namna tofauti na sehemu tulivu. Ndani ya wimbo mmoja wa fanki, mkanda mwembamba uliobadilika rangi ghafla katikati huwa ni pale vyombo vinapoachia na ngoma na besi kubaki peke yao. Mchimbaji mzoefu huona pale pa kuchukulia sampo akiwa bado amesimama dukani.

Iweke sahani kwenye kioo tambarare au kigae kizuri na uitazame usawa wa macho. Mpindo mpana na wa taratibu unapigika. Mpindo mfupi wa ghafla kwenye ukingo unarusha mkono wa mashine.

Mwisho soma namba iliyochongwa kwenye sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Iandike yote, pamoja na herufi za mkono, uilinganishe na orodha ya Discogs, tovuti ya kumbukumbu za santuri, kwenye simu. Namba hiyo inakuambia toleo gani umeshika, na pia kama sahani iliyomo ndiyo ya jalada hilo. Baada ya miaka 50 ya kuazimana, kukuta sahani ya taarabu ndani ya jalada la Isaac Hayes si ajabu.

Usidharau upande wa pili wa sahani ndogo. Wimbo mrefu wa fanki haukuenea upande mmoja wa sahani ya 45, hivyo ulikatwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2. Upande wa pili mara nyingi ndipo mwimbaji anapopumzika na bendi kuachiwa nafasi.

Hatua ya 4: Kuosha

Kwanza tenganisha sahani za 78. Ni nzito, zinavunjika kama kigae, na nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu unaoyeyuka kwenye alkoholi. Hizo zioshwe kwa maji safi na tone la sabuni, zikaushwe mara moja. Mchanganyiko ufuatao ni wa sahani za plastiki tu, yaani za 33 na 45.

Kwa lita moja utahitaji:
maji yaliyotoneshwa, mililita 750;
alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, mililita 250;
sabuni ya maji ya vyombo isiyo na rangi, matone 3.

Maji hayo utayapata kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma chupa kwa makini: unataka maji matupu, siyo asidi ya betri, na mara nyingine huwekwa rafu moja. Maji ya bomba yanaacha chokaa, na ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Yakikauka ndani ya mfereji yanaacha chembe ngumu, na utafikiri sahani ni mbovu kumbe umeiharibu mwenyewe. Isopropili inauzwa maduka ya dawa, na mafundi simu wa Kariakoo huitumia kusafishia bodi. Usikubali mbadala wa tina, petroli wala spiriti ya bluu ya jiko. Kitakasa mikono chenye ute pia hakifai, kwa kuwa ute unabaki kwenye mifereji.

Fanya kazi mbali na moto na madirisha yakiwa wazi. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki kinachoikaa vizuri. Weka mililita 15 hadi 20 kwa kila upande, uache sekunde 30 uchafu ulainike. Kisha sugua kwa brashi laini au kitambaa cha maikrofaiba kwa kufuata mzunguko wa mifereji, mizunguko 20, kamwe usikate kutoka ukingo kwenda katikati. Futa, kisha suuza kwa maji matupu yaliyotoneshwa na kitambaa cha pili. Watu huruka kusuuza, na matokeo yake sabuni inakaukia ndani na kuganda kwenye sindano kama uji. Lita moja inatosha sahani 25 hivi.

Simamisha sahani kwenye kichanja cha vyombo, kivulini, nusu saa au zaidi. Wakati wa masika ipe saa mbili. Usiwashe feni: inarusha vumbi kwenye sahani mbichi.

Sahani yenye ukungu ioshee nje ukiwa na barakoa, ukitumia isopropili na maji nusu kwa nusu kwa mzunguko wa kwanza wa kuosha, kisha rudia mchanganyiko wa kawaida. Mfuko wa ndani uutupe. Jalada lifute kwa kitambaa kikavu tu na lilale siku mbili mahali penye hewa, mbali na majalada mengine.

Hatua ya 5: Mashine, umeme na sindano

Mashine nyingi za mitumba zimetoka Japani au Marekani. Geuza nyuma usome kibandiko kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 100V au 120V na ukaichomeka kwenye volti 230 za Tanesco, inaungua papo hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme inayotoa volti zilizoandikwa. Ya VA 100 inatosha, kwa maana mashine hizi hula umeme kidogo.

Tazama na hezi, yaani umeme unabadilika mara ngapi kwa sekunde. Mashine inayozungushwa kwa mkanda, yenye mota ya AC inayofuata hezi za umeme wa ukutani na iliyotengenezewa hezi 60, ikitumia umeme wetu wa hezi 50 inazunguka polepole: 33⅓ inakuwa kama 28, na kila mwimbaji anasikika kama amechoka. Transfoma hairekebishi hilo. Inabidi kubadili puli ya mota au kuiacha. Mashine ambazo mota inazungusha sahani yenyewe bila mkanda, kama Technics SL-1200 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1972, hazina tatizo hilo, kwa kuwa kasi yake inasimamiwa na saketi ya ndani.

Sindano ya zamani usiiamini hata kama inatoa sauti. Nunua mpya kabla ya kuweka sahani yoyote unayoipenda. Ya kawaida ihesabie saa 500 hivi, yaani saa moja na nusu kila siku kwa mwaka mmoja.

Kuweka uzito: rudisha kirekebisha mvuto wa pembeni (anti-skate) kwenye sifuri, zungusha uzito wa nyuma hadi mkono uelee sawa bila kushuka wala kupanda, weka namba kwenye sifuri, halafu ongeza hadi uzito ulioandikwa na mtengenezaji, ambao kwa katriji (kichwa kinachobeba sindano) nyingi za nyumbani ni gramu 1.8 hadi 2.2. Rudisha kirekebisha pembeni kwenye namba hiyohiyo. Kuhakikisha, tumia mizani ndogo ya sonara. Kuweka sarafu juu ya mkono ili sindano isiruke ni mazoea yaliyoua santuri nyingi nchini. Uzito mdogo mno nao unaharibu, kwa sababu sindano inarukaruka ikigonga kuta.

Katriji inatoa umeme mdogo sana, na sahani huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa. Kwa hiyo lazima upitishe kwenye tundu la PHONO la amplifaya au kwenye priampu ya pembeni, kifaa kinachokuza na kusawazisha sauti hiyo. Ukichomeka AUX moja kwa moja utapata sauti hafifu, kali, isiyo na besi. Ukiingiza priampu kwenye PHONO utapata makelele ya kukwama. Mngurumo wa chini usiokoma ni waya wa ethi haujafungwa kwenye skrubu yake.

Umeme ukikatika wimbo ukiendelea, inua sindano kwanza ndipo utafute tochi.

Hatua ya 6: Kurekodi

Toa waya kutoka kwenye priampu hadi kifaa cha sauti cha USB, kisha kompyuta yenye Audacity, ambayo ni ya bure. Weka biti 24 na kHz 48. Piga sehemu yenye kelele kubwa kuliko zote upande huo na urekebishe hadi kilele kiguse desibeli -6, siyo zaidi. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, kata nyimbo baadaye, uhifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti. Andika jina la msanii, mwaka, kampuni na namba iliyochongwa. Faili lisilo na jina baada ya miezi sita ni sawa na wimbo uliopotea.

Programu ya kuondoa tiki itumie kidogo. Ile ya kupunguza mvuvumo iache kabisa kwenye rekodi za kuchukulia sampo, kwa sababu inakula matoazi na hewa ya chumba, na hiyo hewa ndiyo inayofanya ngoma ya soul isikike kama kuna watu wanapumua karibu nayo.

Ukitaka kutoa biti yenye sampo hadharani kuna haki mbili za kuombea ruhusa: ya rekodi yenyewe na ya utunzi. Kwa kazi za hapa nyumbani anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kuhifadhi

Simamisha sahani wima, zisilaliane na zisiegemee. Mia moja za inchi 12 zina uzito wa kilo 25 hivi, kwa hiyo rafu ya mbao laini itapinda. Ziwe mbali na ukuta wa nje, sentimita 20 kutoka sakafuni kwa ajili ya mafuriko, na mbali na dirisha linalopata jua la mchana. Weka mfuko mpya wa ndani wa plastiki laini, usiokwaruza. Vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinafaa, ila vinashiba. Kila baada ya miezi mitatu vibadilishe, na siku hiyohiyo toa sahani kumi kutoka sehemu tofauti za rafu uzinuse. Harufu ya ukungu huja wiki kadhaa kabla ya doa lenyewe kuonekana.